Kaniambia kwa WhatsApp "kazi basi", sasa anasema nimetoroka

SWALI

Habari za kazi, wataalamu wa safu hii.

Nilikuwa mtunza stoo kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Bosi alinichukua Shinyanga, akanilipia nauli na kodi ya chumba ya mwezi wa kwanza. Nimemfanyia kazi miaka mitatu na miezi saba, siku sita kwa wiki, kwa mshahara wa sh. 520,000 kwa mwezi. Mkataba wa maandishi sijawahi kupewa. Mshahara ulikuwa unaingia kwenye simu, mara nyingine nusu taslimu na nusu kwenye simu.

Mwishoni mwa Septemba tulihesabu mzigo, ikaonekana mifuko 38 ya saruji haipo. Funguo za stoo tunazo watu watatu: mimi, bosi na mdogo wake. Kwenye mshahara wa mwezi huo bosi akakata sh. 300,000 bila kuniambia neno. Nilipouliza akasema "hiyo ni ya kuanzia". Tarehe 6 Oktoba jioni akanitumia ujumbe: "Kesho usije, kazi basi. Funguo mwachie dogo, hesabu baadaye." Tarehe 9 nilipokwenda kuulizia haki zangu nikakuta kijana mwingine stoo, nami nikapewa karatasi iliyochapwa: "Naacha kazi kwa hiari yangu na nimelipwa haki zangu zote." Nikisaini napewa sh. 200,000. Nilikataa. Tangu hapo mzee mmoja wa mtaani anatusuluhisha, bosi kila siku anasema subiri. Juzi nimesikia anawaambia watu kwamba mimi nilitoroka kazi, na kwamba atanipeleka polisi.

Je, bila mkataba nina haki yoyote? Anaruhusiwa kunikata vile? Nichukue hiyo laki mbili yaishe? Na NSSF nimeangalia, kati ya miezi 43 michango iliyoingia ni ya miezi 20 tu. Nianzie wapi? Leo ni tarehe 25 Oktoba.

Mtunza Stoo, Mwanza

JIBU

Ndugu yetu, pole kwa yaliyokukuta. Umeuliza mengi, ila tuanze na lile ambalo hukuliuliza, maana ndilo litakaloamua kama hayo mengine yatasikilizwa: umebakiwa na siku ngapi?

Mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo halali unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi tunaiita CMA, ndani ya siku 30 tangu siku ulipoachishwa. Muda huo umewekwa na kanuni za usuluhishi na uamuzi za mwaka 2007. Ujumbe wa bosi ulikufikia tarehe 6 Oktoba, basi siku ya kwanza ni tarehe 7 na siku ya thelathini ni tarehe 5 Novemba. Ulipokuwa unaandika barua hii siku 19 zilikuwa zimeshakwenda, zimebaki 11, na humo ndani kuna Jumamosi na Jumapili. Usihesabu kutoka tarehe 9 uliyopewa karatasi, wala tarehe mzee atakayokwambia kwamba bosi amekataa kabisa. Hesabu kutoka tarehe ya mwanzo kabisa ambayo mwajiri anaweza kuisimamia, ili asipate pa kukukamatia.

Mzee wa mtaani anafanya kazi njema, na mwache aendelee. Lakini mazungumzo yake hayasimamishi siku. Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza haki iliyokuwa mkononi: mwezi wa kwanza unaishia kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa ofisa kazi au ofisi ya mkuu wa wilaya, na wanapofika CMA wanaambiwa wamechelewa. Mlango haufungwi moja kwa moja, kwa sababu kuna fomu ya kuomba kusamehewa kuchelewa, inayoambatanishwa na fomu ya malalamiko. Ila hapo unatakiwa kueleza umechelewa kwa kiasi gani, kwa nini, kesi yako ina uzito gani, na mwajiri ataumia vipi ukiruhusiwa. Sababu ya "tulikuwa tunaongea na bosi" mara nyingi haitoshi. Kwa nini uombe kibali cha kuingia wakati mlango bado uko wazi?

Sasa mkataba. Kutokuwa na karatasi hakukufanyi kuwa si mwajiriwa. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inasema mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa ikithibitika hata hali moja tu kati ya kadhaa ilizozitaja: kwamba saa zako za kazi zilipangwa na mwingine, kwamba ulipewa vifaa vya kazi, kwamba ulimtegemea huyo mmoja kwa riziki yako, au kwamba kwa miezi mitatu ya mwisho ulimfanyia kazi wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi. Wewe unazo karibu zote. Tena Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huohuo inamtaka mwajiri ndiye awe na maelezo ya ajira kwa maandishi. Akishindwa kuyatoa kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti unalolidai, kwa mfano kwamba mshahara ulikuwa 520,000, unahamia kwake. Kwa hiyo uvivu wake wa kuandika mkataba ni tatizo lake kuliko lako. Kitu ambacho kingeweza kukuangusha ni muda mfupi wa kazi, maana aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri mmoja halindwi na sehemu ya sheria inayohusu kuachishwa isivyo halali. Wewe hilo umelivuka zamani.

Habari ya "ametoroka" ichukulie kwa uzito mkubwa. Kwenye shauri la namna hii mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba kukuachisha kulikuwa halali. Ili aukwepe mzigo huo, njia rahisi kwake ni kusema hakukuachisha, wewe mwenyewe hukuonekana. Akifanikiwa hapo, wewe ndiwe unayebaki kuthibitisha kwamba uliachishwa kweli. Isitoshe, mwongozo wa nidhamu kazini unahesabu kutokuwepo kazini zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu ya maana kuwa ni kosa kubwa. Ndiyo maana neno "subiri" linamfaa sana bosi wako.

Dawa yake ni mambo mawili. La kwanza ni ule ujumbe wa WhatsApp. Usiufute, usibadilishe simu, usiiuze wala kuirudisha kwenye mipangilio ya kiwandani. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba ya bosi (siyo jina ulilomhifadhi tu), tarehe na saa, na ujumbe uliotangulia na uliofuata. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hii, lakini picha iliyochapwa bila simu yenyewe na bila maelezo ya namna ulivyoipata ni rahisi kupingwa. La pili, mwandikie barua leo, fupi, bila matusi na bila kubembeleza. Kwa mfano:

"Tarehe 6 Oktoba saa 12 jioni ulinitumia ujumbe kwenye simu kuwa nisije kazini na kwamba kazi basi. Tarehe 9 Oktoba nilifika kazini nikakuta nafasi yangu imepewa mtu mwingine. Sijaacha kazi na sijatoroka. Niko tayari kuendelea na kazi. Kama umeniachisha, naomba barua yenye sababu, pamoja na malipo yangu yote na cheti cha utumishi."

Saa na maneno yaweke kama yalivyo kwenye simu yako. Peleka nakala mbili, moja ibaki kwake, nyingine isainiwe na aliyeipokea, na jina lake na tarehe. Akikataa kusaini, itume kwa posta ya rejista siku hiyohiyo na utunze risiti, kisha itume pia kwa WhatsApp. Barua hii haiongezi siku hata moja, kwa hiyo usikae kusubiri majibu.

Je, kweli aliruhusiwa kukuachisha kwa ajili ya saruji? Wizi ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu kazi, hatutakuficha hilo. Ila sheria inadai vitu viwili kwa pamoja: sababu ya kweli na utaratibu wa haki. Mwajiri anatakiwa afanye uchunguzi kwanza. Kisha akupe tuhuma kwa lugha unayoielewa, na muda wa kujiandaa usiopungua saa 48. Kikao kiongozwe na mtu wa ngazi ya juu kiasi cha kutosha ambaye hakuhusika na tukio lenyewe. Uruhusiwe kuja na mwenzako wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, usikie ushahidi ukiwepo, uwaulize mashahidi maswali na ulete wa kwako. Ukikutwa na hatia, upewe nafasi ya kujitetea juu ya adhabu. Mwisho upewe uamuzi na sababu zake. Wewe ulipata mistari miwili ya WhatsApp.

Kwenye sababu nako hayuko imara. Pungufu ya mzigo si wizi wa mtunza stoo mpaka ionyeshwe ilitoka wapi. Mifuko 38 inaweza kupotea kwa njia ambazo kila mtu wa stoo anazijua: gari limeshusha pungufu na hati ya kupokelea mzigo ikasainiwa bila kuhesabu, mifuko iliyopasuka au kuganda ikatupwa bila kuandikwa, mteja akapewa mzigo kwa mali kauli, yaani kwa mkopo, usiku na bosi mwenyewe, leja isiguswe, au hesabu ya mwanzo ndiyo iliyokuwa na kosa. Na funguo tatu maana yake ni watu watatu wenye nafasi ileile. Kaa chini leo uandike kwa kumbukumbu: hesabu iliyotangulia ilifanyika lini, nani alikuwepo, mzigo uliingia mara ngapi kati ya hizo hesabu mbili, nani alipokea, siku zipi hukuwepo wewe. Leja iko kwake, huwezi kuichukua na usijaribu kuichukua. Lakini ukizijua tarehe, utaweza kuomba mbele ya mwamuzi aitoe, na asipoitoa hilo nalo litasema jambo.

Makato ya laki tatu ni suala jingine, na tungependa wafanyakazi wote wa maduka walisikie vizuri. Mwajiri haruhusiwi kujilipa hasara kutoka kwenye mshahara kwa kujiamulia. Lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lako. Lazima akujulishe kwa maandishi chanzo chake, kiasi chake na namna alivyokipiga hesabu. Lazima akupe nafasi ya kupinga. Deni lisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya ujira wako. Robo ya 520,000 ni 130,000. Yeye alikata 300,000, bila karatasi, bila kukusikiliza. Hata kama saruji ile ingekuwa imepotea mikononi mwako, makato yale bado yana kasoro. Kwa madai yasiyo ya kuachishwa kazi, kama mshahara uliokatwa, muda wa kwenda CMA ni siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Usiyatenganishe kwa sababu hiyo. Yapeleke yote pamoja sasa.

Na ile karatasi? Usisaini. Umefanya jambo la maana sana kukataa. Sentensi yake moja inakuondolea vitu vitatu. "Kwa hiari yangu" inafuta kuachishwa, kwa hiyo na fidia. "Nimelipwa haki zangu zote" inafuta malimbikizo yako. Na mtu aliyeacha kazi mwenyewe hapati fao la kukosa ajira la NSSF, tutalifikia hapo chini. Akikupa fedha bila karatasi ile, pokea, andika risiti yenye maneno "sehemu ya malipo ya mshahara ninaodai", taja kiasi, saini wote wawili.

Tuione hesabu sasa, ili ujue laki mbili ni nini. Mshahara wa siku moja hupatikana kwa kugawa mshahara wa mwezi kwa 4.333, kisha kwa siku za kazi za wiki. Wewe ni siku sita, kwa hiyo unagawa kwa 26 hivi: 520,000 inakupa 20,000 kwa siku. Kama Oktoba ulifanya kazi siku tano kabla ya kusimamishwa, hiyo ni 100,000. Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, yaani wiki nne za siku sita: 480,000. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka kumi. Umetimiza mitatu, ile miezi saba haihesabiwi, kwa hiyo siku 21, ambazo ni 420,000. Likizo ni siku 28 za kalenda kwa mwaka, na kwa mwaka ambao haujaisha ni siku moja kwa kila siku 13. Miezi saba inakupa siku 16, na ukitoa Jumapili zilizomo ni siku kama 14 za malipo: 280,000, kama hukuchukua likizo yoyote katika kipindi hicho. Ongeza 300,000 iliyokatwa. Jumla ni 1,580,000, na fidia ya kuachishwa isivyo halali bado haijaguswa. Fidia huhesabiwa kwa miezi ya mshahara, na kiwango chake kinategemea kama kilichokosewa ni sababu au ni utaratibu peke yake.

Angalizo moja: kama atathibitisha kosa la nidhamu na utaratibu ukaonekana ulifuatwa, kiinua mgongo kinaondoka. Mshahara wa siku ulizofanya kazi na likizo vinabaki kuwa vyako vyovyote itakavyokuwa.

Halafu kuna Shinyanga, ambayo umeitaja kwa kupita tu. Mfanyakazi aliyeajiriwa sehemu moja na kuachishwa akiwa sehemu nyingine anastahili kurudishwa pale alipoajiriwa, yeye na mizigo yake, au kulipwa posho ya usafiri isiyopungua nauli ya basi mpaka stendi iliyo karibu na mahali hapo. Na kati ya siku ya kuachishwa na siku ya kusafirishwa, anastahili posho ya kujikimu ya kila siku. Waajiri wengi husema "nilikuajiri hapahapa mjini". Tafuta uthibitisho: muamala wa nauli aliyokutumia, ujumbe wa kukuita, mtu aliyekuwepo mlipokubaliana.

Twende kwenye fomu. CMA ina ofisi Mwanza, na shauri linafunguliwa kwenye ofisi ya eneo ambako mgogoro umetokea. Utaomba Fomu Namba 1 ya kuwasilisha mgogoro. Kufungua shauri hakuna ada, kwa hiyo anayekudai "ya kufungulia faili" mwepuke. Fomu inaonekana nyepesi, lakini mashauri mengi yanakufa humo.

Kosa la kwanza ni jina la mwajiri. Maandishi ya kwenye bango la duka si lazima yawe jina la mtu au kampuni inayoweza kudaiwa. Tafuta risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) ya duka lile, hata ya mteja, ina jina la mwenye biashara na namba yake ya mlipakodi. Leseni ya biashara huwa imebandikwa ukutani. BRELA, wakala wa usajili wa biashara, nao wana kumbukumbu za kampuni na majina ya biashara. Kama ni jina la biashara tu la mtu binafsi, andika jina lake kamili, kisha "anayefanya biashara kwa jina la" na jina la duka. Ukikosea hapa, unaweza kushinda na ukakosa wa kumkazia tuzo, yaani uamuzi wa CMA.

Kosa la pili ni kuweka alama kwenye kuachishwa kazi halafu kuiacha tupu Sehemu B ya fomu, ambayo ni ya migogoro hiyo peke yake. Humo andika wazi kwamba hakukuwa na sababu halali (hakuna uthibitisho kuwa umeiba) na kwamba utaratibu haukufuatwa (hakuna uchunguzi, hakuna tuhuma za maandishi, hakuna kikao). Usiandike upande mmoja ukadhani mwingine utajulikana wenyewe.

Kosa la tatu liko kwenye nafasi ya matokeo unayoomba. Wengi huandika "haki zangu zote". Usiandike hivyo. Taja kila dai na kiasi chake kama tulivyopiga hapo juu, na fidia, na nauli, na cheti cha utumishi. Mwamuzi hutoa kilichoombwa. Na tarehe ya mgogoro iwe moja tu, 6 Oktoba, kwenye fomu, kwenye barua na kinywani mwako. Ukiandika 6 huku na 9 kule, wakili wa bosi ataanzia hapo.

Ukishajaza na kusaini, nakala unampelekea mwajiri kwanza, kisha unairudisha fomu CMA pamoja na uthibitisho kwamba amepata: saini, jina na tarehe ya aliyepokea kwenye nakala yako, au risiti ya rejista. Nenda na shahidi. Dukani mara nyingi utaambiwa "bosi hayupo, siwezi kupokea". Usirudi kesho na keshokutwa. Pitia posta mchana uleule.

Baada ya hapo mtaitwa kwenye usuluhishi, hatua ambayo sheria inaipa siku 30 tangu shauri lipelekwe, isipokuwa mkikubaliana kuongeza. Msuluhishi hamhukumu wala hampi mtu ushindi, anawasaidia mpatane, na yanayosemwa humo hayatumiki baadaye dhidi yenu. Usikose. Mlalamikaji asipofika, shauri linaweza kufutwa. Mwajiri asipofika, linaweza kuamuliwa bila yeye. Nenda na ukurasa mmoja wa hesabu, na uwe umeshaamua moyoni kiwango ambacho hutashuka chini yake. Mkipatana, soma kila mstari kabla ya kusaini: kiasi, tarehe ya kila awamu, namba ya kulipia, na kwamba akikosa awamu moja deni lote linadaiwa mara moja. Neno "nimepokea" lisiwemo kama hujapokea.

Msipopatana, shauri linakwenda kwa mwamuzi. Hapo mwajiri ndiye anaanza kutoa ushahidi, kwa sababu mzigo ni wake. Unaweza kusimamiwa na wakili, na chama cha wafanyakazi kama ni mwanachama, au na mwakilishi binafsi unayemchagua. Kama huna uwezo, tafuta watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, hawatozi wasio na uwezo. Tuzo ikitoka na mmoja wenu hakuridhika, ana wiki sita tangu aipokee kuomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Ni mahakama hiyohiyo inayokazia tuzo mwajiri akigoma kulipa.

Ukipigiwa simu na polisi, nenda, tena nenda na ndugu au wakili. Usijifiche, kwa sababu kujificha kutamsaidia yeye na hadithi yake ya utoro. Utakaposhinikizwa uandike "nakubali kulipa deni la saruji" ili yaishe, kataa kwa heshima: karatasi hiyo ndiyo sababu ambayo bosi hana leo. Tuhuma ya jinai na mgogoro wa kazi ni njia mbili tofauti, na faili la polisi halisimamishi siku zako 30.

Kuhusu NSSF, usiichanganye na fomu ya CMA. Chukua taarifa ya michango yako, miamala ya mshahara ya miezi yote 43 kutoka kwa mtandao wa simu, uende ofisi ya NSSF ukalalamike kwamba miezi 23 haikupelekwa. Mfuko una wakaguzi na una mamlaka ya kumdai mwajiri. Kwa sekta binafsi mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na upande wa mfanyakazi hauzidi nusu yake, kwa hiyo kama alikuwa anakukata miezi ambayo hakupeleka, liseme hilo kwanza. Ulizia palepale fao la kukosa ajira. Linahitaji michango isiyopungua miezi 18, nawe unayo 20, na linahitaji usiwe umeacha kazi mwenyewe. Ile barua yako ya "sijaacha kazi" itakufaa hapo pia, toa nakala yake ya ziada.

Ile taarifa ya miamala iombe kesho asubuhi kabla ya kwenda CMA, kwa sababu ni ya miaka karibu minne na huenda usiipate siku hiyohiyo. Ikichelewa, fomu iende bila hiyo. Ushahidi utauleta baadaye.